Jua, Vitamini D na Saratani ya Damu: Ni Kipi Kilichotangulia?

Najua kurasa hizi zimezoea methali, ngeli na mashairi. Mwaka huu nimemwomba mhariri aniruhusu nilete somo la Biolojia kwa Kiswahili, naye akakubali kwa shingo upande. Sababu ya kuomba ni kwamba somo lenyewe nilidhani nalijua, kumbe nilikuwa nimelishika mkiani, na nusura mtu wa nyumbani kwetu aumie kwa ajili ya ujuaji wangu.

Mjomba wangu ni askari wa kampuni ya ulinzi, au soja kama tunavyosema mitaani. Kwa miaka 11 alilinda jengo moja refu katikati ya jiji, zamu ya usiku, na kituo chake kilikuwa orofa ya chini kabisa, kule magari yanakoegeshwa. Aliingia kazini saa kumi na mbili jioni jua likitua, akatoka saa kumi na mbili asubuhi kabla halijapanda. Alikuwa akipanda matatu ya 46 hadi Kawangware, anaoga, anakunywa chai, kisha analala hadi alasiri. Chumba chake kina dirisha moja, nalo linatazamana na ukuta wa ploti ya jirani, mkono mmoja tu kutoka hapo. Ukiingia saa sita mchana lazima uwashe taa ndipo uone sufuria iko wapi.

Mwaka juzi alianza kulalamikia mgongo. Sisi tukasema ni kile kiti cha kazini. Akapakwa dawa ya kuchua, akakandwa kwa maji moto, wapi! Baadaye akawa anahema akipanda ngazi, na siku moja alipoinua mtungi wa maji alisikia kitu kimelia mgongoni kama kijiti kikavu. Hospitalini walimpiga picha, wakampima damu, wakachukua uboho kidogo kutoka mfupa wa nyonga, ndipo tukaambiwa kwamba ana mieloma. Hiyo ni aina ya saratani ya damu. Miongoni mwa karatasi nyingi alizorudi nazo kulikuwa na moja iliyosema kiwango chake cha vitamini D ni nanomoli 28 kwa lita, na kando yake neno la kuonyesha kwamba kiko chini.

Jumamosi hiyo tulikutana chumbani kwake: Mama, ambaye ni dada yake, mke wa mjomba ambaye sisi humwita Anti, na mimi. Kila mtu alitaka sababu. Nami, kwa kuwa ndiye mwanafunzi wa Biolojia, nikaishika ile karatasi na kutoa hukumu: "Ni jua. Mjomba hajaota jua miaka kumi na mmoja. Vitamini D imeisha mwilini, ndiyo maana damu imeharibika."

Anti alilia. Sikuelewa kwa nini mpaka Mama aliponieleza njiani. Kumbe mjomba alikuwa ametaka kuiacha kazi ile na kurudi shambani, na Anti ndiye aliyemsihi avumilie hadi watoto wamalize shule.

Wiki iliyofuata tulichanga shilingi 3,000, pesa ambazo zilikuwa zimewekwa kwa nauli na vipimo, tukanunua vidonge vya vitamini D katika duka moja la dawa mjini. Vilikuwa vya yuniti 50,000 kila kimoja. Vidonge vya nguvu hiyo kwa kawaida humezwa kimoja kwa wiki, tena kwa agizo la daktari. Sisi tukampa kimoja kila siku. Yaani tulitaka kulipa deni la miaka 11 kwa mwezi mmoja!

Nitayarudia hayo. Kwanza turudi darasani, kwani bila darasa hili hamtaona nilipokosea.

Vitamini ya jua

Ngozi yetu ina kitu cha jamii ya mafuta ambacho, kikipigwa na miale ya urujuanimno ya jua, hugeuka na kuwa vitamini D. Hiyo bado haiko tayari kufanya kazi. Damu huichukua hadi kwenye ini, nalo huibadilisha mara ya kwanza, na umbo hilo la ini ndilo linalopimwa maabarani. Halafu figo huibadilisha mara ya pili na kuipa nguvu zake kamili. Kazi yake kubwa ni kuusaidia utumbo kufyonza madini ya kalsiamu kutoka kwa chakula, ndipo mifupa ikomae. Chakula chenyewe huleta vitamini D kidogo tu, hasa samaki wenye mafuta, maini na kiini cha yai.

Sasa mtu atauliza: jijini Nairobi, nyuzi moja na ushei tu kusini mwa ikweta, tena juu kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,600, nani atakosa jua? Nami niliuliza hivyo hivyo. Jibu ni kwamba jua la angani si jua la ngozini. Kioo cha dirisha huzuia karibu miale yote inayotengeneza vitamini D, kwa hivyo karani anayeota jua nyuma ya dirisha la ofisi hapati kitu ila joto. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna melanini nyingi, ambayo hutukinga dhidi ya kuungua lakini hutufanya tuhitaji muda mrefu zaidi nje. Na kuna Julai ya Nairobi, ambayo sote tunaijua.

Mwaka 2012 walichapishwa watafiti waliopima damu ya Wamasai 35 na Wahadza 25 nchini Tanzania, watu wanaoshinda nje mchana kutwa. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Mjomba, kumbukeni, alikuwa na 28. Mwaka 2020 wataalamu, wakiwemo wa Kilifi hapa nchini, walikusanya tafiti 129 kutoka nchi 23 za Afrika, wakaona kwamba takriban mtu mmoja kati ya watatu yuko chini ya nanomoli 50, na kwamba watu wa mijini wana kiwango cha chini kuliko wa mashambani. Hata matege bado yapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watoto wa mtaa mmoja wa vibanda hapa Nairobi ulionyesha kwamba matege yao yalitokana na upungufu wa vitamini D, tofauti na watoto wa Nigeria waliochunguzwa miaka ya 1990, ambao shida yao kubwa ilikuwa kukosa kalsiamu.

Kwa hivyo sehemu ya kwanza ya hukumu yangu ilikuwa kweli. Mjomba alipungukiwa na vitamini D, na kukosa jua kulikuwa na mkono wake. Nilikosea niliporuka kutoka hapo hadi kwenye saratani.

Damu inapoasi

Seli za damu huzaliwa ndani ya uboho, ule utomvu laini ulio katikati ya mifupa. Saratani ya damu ni pale ukoo mmoja wa seli hizo unapokataa amri, ukazaana ovyo na kuwanyima wenzake nafasi. Kuna lukemia, ambayo hujaza uboho na damu kwa seli nyeupe zisizofaa. Kuna limfoma, ambayo huanzia kwa seli za kinga ziitwazo limfosaiti na mara nyingi hutokeza kama uvimbe wa tezi. Kuna mieloma, ambayo ni uasi wa seli za plazma, wale mafundi wanaotengeneza silaha za kupambana na viini. Seli za mieloma hutoboa mifupa, na ndiyo sababu mgongo wa mjomba ulilia. Mfupa ukitobolewa, kalsiamu iliyokuwa imejengwa ndani yake humwagika kwenye damu. Tafadhali iwekeni hiyo akilini.

Je, aliyekuwa wa kwanza kuhusisha vitamini D na saratani alikuwa mjinga kama mimi? La hasha. Mwaka 1980 ndugu wawili Wamarekani, Cedric na Frank Garland, waliitazama ramani ya nchi yao wakaona kwamba vifo vya saratani ya utumbo mpana ni vichache kule kwenye jua jingi. Wakapendekeza kwamba huenda vitamini D ndiyo kinga. Mwaka uliofuata, 1981, Wajapani walitia vitamini D ile iliyokwisha kukamilika kwenye seli za lukemia ya panya, na ajabu ni kwamba seli zile zikaacha ukorofi, zikakomaa na kuwa seli za kawaida za kumeza viini. Tena imejulikana kwamba seli nyingi za kinga zina vipokezi vya vitamini D. Mtu akiyaweka haya matatu pamoja anaweza kuapa kwamba kesi imekwisha.

Nilipompelekea Mwalimu wetu wa Biolojia hoja hizi, aliweka chaki chini akaniuliza, "Wewe, siku ya mvua ukishuka Moi Avenue unaona nini?"

"Miavuli, Mwalimu."

"Mingi?"

"Mingi sana."

"Haya, miavuli ndiyo iliyoleta mvua?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka, ingawa rohoni sikupendezwa.

Ramani yetu wenyewe

Kwa kuwa tumetaja ramani ya Wamarekani, heri tuitazame na yetu, kwani Afrika Mashariki ndiyo yenye ramani ya saratani mashuhuri kuliko zote.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye kidogo akiwa Jinja akaona mtoto mwingine wa namna hiyo hiyo. Akaanza kupekua madaftari ya hospitali, akaandika juu yake mwaka 1958. Leo ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt, nayo ni saratani ya damu ya watoto, tena hukua kwa kasi ya kutisha.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walijipakia ndani ya gari kuukuu aina ya Ford wakasafiri kilometa zipatazo 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: mnauona ugonjwa huu? Ramani waliyorudi nayo ilifuata joto na mvua. Ugonjwa ulikuwa mwingi mahali pa chini penye joto na unyevu, na nadra sana nyanda za juu. Kwa upande wetu wa Kenya, watoto wa kando ya Ziwa Viktoria na wa pwani ndio wanaopatwa zaidi, ilhali sisi wa Nairobi na milimani hatuupati sana.

Sasa tulieni hapa kidogo. Kisumu na Mombasa ni mahali pa jua kali, na ndipo penye saratani hii ya damu. Je, tuseme jua ndilo linaloleta limfoma? Kwa hoja ile ile niliyoitumia kwa mjomba, ningelazimika kusema hivyo, kisha nigeuke na kusema kwamba kukosa jua huleta mieloma. Jua lingekuwa na makosa likiwepo na likikosekana!

Ukweli ulichukua miaka kuupata. Hapo mwanzo wengi walidhani ni virusi vinavyobebwa na mbu, kwa kuwa ramani ilifanana na ramani ya mbu. Mwaka 1964 huko Uingereza, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliviona virusi ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda, lakini ikagunduliwa kwamba virusi hivyo haviletwi na mbu. Huenea kwa mate, na karibu kila mtu duniani anavyo. Mbu alikuwa na hatia nyingine: malaria. Mtoto anayeshambuliwa na malaria tena na tena, kinga yake huchoka na seli zake za limfosaiti huchochewa kuzaana bila kupumzika, na hapo virusi vile hupata mwanya. Joto na mvua vilikuwa kwenye ramani kwa sababu mbu huvipenda.

Nairobi nayo ina fungu lake katika hadithi hii. Katika miaka ya mwanzo ya 1960, daktari Peter Clifford wa hospitali ambayo leo ni Hospitali Kuu ya Kenyatta aliwatibu watoto wenye uvimbe huo kwa dawa za kemikali, na wengine wakapona kabisa wakati ambapo ulimwengu haukutarajia saratani iponywe kwa dawa peke yake. Mimi huipita hospitali ile nikienda Ngong Road na sikuwahi kusikia habari hizi darasani. Labda mitaala itazikumbuka siku moja.

Nani alitangulia?

Turudi kwa vitamini D. Mwaka 2011 madaktari wa Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 390 wa aina moja ya lukemia ya watu wazima. Karibu watatu katika kila kumi walikuwa na upungufu wa vitamini D, na hao ndio ambao ugonjwa uliwazidi mapema zaidi. Nilipousoma nilitaka kumwambia Mwalimu, "Si unaona!" Lakini swali la miavuli lilinikalia kooni.

Mgonjwa wa saratani hukaa ndani. Hali vizuri. Hachezi mpira, hatembei sokoni, mara nyingi ni mzee, na ngozi ya mzee hutengeneza vitamini D kidogo. Kwa hiyo ugonjwa wenyewe waweza kuishusha vitamini D, na ukizidi huishusha zaidi. Mieloma ni mjanja kuliko zote katika jambo hili. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba kabla ya mieloma karibu kila mara hutangulia hali fulani ya kimya damuni, miaka mingi kabla ya mtu kusikia maumivu yoyote. Mjomba alipimwa vitamini D akiwa amekwisha kuugua. Ile karatasi haikuweza kuniambia kiwango chake kilikuwa kipi siku ile seli ya kwanza ilipoasi. Huenda alikuwa bado hajaajiriwa usoja.

Wataalamu wana njia ya kulishughulikia swali hili, nayo ni nzuri sana kwa urahisi wake. Huchukua damu ya watu wazima wa afya, wakaihifadhi kwenye baridi kali, wakangoja. Miaka ikipita, baadhi yao huugua. Hapo hutolewa damu ile ya zamani, ya siku ambazo hakuna aliyekuwa mgonjwa, na kulinganishwa na ya waliobaki wazima. Mwaka 2010 makundi 10 ya namna hiyo yaliunganishwa kuhusu limfoma, wagonjwa zaidi ya 1,300. Matokeo ni kwamba wale walioanza na vitamini D ndogo hawakuugua limfoma kuliko wenzao.

Njia nyingine ina nguvu zaidi: kumpa mtu vitamini D na kuona kitakachotokea. Katika uchunguzi uitwao VITAL, uliotangazwa mwaka 2018, Wamarekani 25,871 waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walimeza yuniti 2,000 za vitamini D kila siku, nusu wakameza vidonge bandia bila kujua, kwa miaka zaidi ya mitano. Miongoni mwa watu hao kulikuwa na weusi 5,106. Walioshikwa na saratani ya aina yoyote walikuwa 793 upande wa vitamini D na 824 upande wa vidonge bandia, tofauti ndogo ambayo yaweza kuwa bahati tu. Vifo vya saratani vilipungua kiasi upande wa vitamini D, nalo ni jambo ambalo bado linabishaniwa. Na wale panya wa Japani? Vitamini D ile kamili ilipojaribiwa kwa watu wenye magonjwa ya uboho haikuleta uponyaji uliotarajiwa, na dozi ikipandishwa kalsiamu ilipanda nayo.

Linganisheni na matege. Mwaka 1919 Kurt Huldschinsky huko Berlin aliwamulika watoto wenye matege kwa taa ya miale ya urujuanimno, na mifupa yao ikapona. Mwaka huo huo Edward Mellanby wa Uingereza aliwapa mbwa wenye matege mafuta ya ini la samaki, nao wakapona. Huko hakuna mwavuli wala mvua: ukiondoa upungufu, ugonjwa unaondoka. Saratani ya damu haijawahi kutii namna hiyo.

Nisije nikasingiziwa kwamba nasema zamu ya usiku haina neno. Mwaka 2019 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulisisitiza kwamba kazi ya usiku huenda inachangia saratani. Lakini ushahidi waliouegemea ulihusu saratani ya matiti, ya tezi ya kiume na ya utumbo, si mieloma. Kuhusu mieloma yanayojulikana ni umri, ukoo, na asili, kwani Wamarekani weusi hupatwa nayo takriban mara mbili kuliko weupe. Najua kuna atakayeruka na kusema, "Weusi wana vitamini D ndogo, basi ndiyo hiyo!" Ndugu, tumetoka huko sasa hivi.

Vidonge vya shilingi 3,000

Baada ya wiki tatu za vidonge vyetu, mjomba alianza kunywa maji kama mtu aliyetoka Turkana kwa miguu. Choo kikafunga. Usiku akawa anamwita Anti kwa jina la marehemu mama yake. Tulimkimbiza hospitalini, na kipimo cha kwanza kilionyesha kalsiamu imejaa kwenye damu kupita kiasi.

Daktari, mama mmoja mpole, aliuliza anatumia dawa gani nyingine. Anti akatoa ile chupa kwenye mkoba. Daktari akaisoma, akanyamaza, kisha akauliza, "Nani aliwaambia mmpe hivi?"

Nilisema, "Ni mimi, Daktari."

Hakunikaripia. Alinieleza kwamba mieloma yenyewe humwaga kalsiamu kutoka mifupani, na vitamini D nyingi huongeza ile inayofyonzwa kutoka kwa chakula, kwa hivyo tulikuwa tukimimina maji kwenye debe ambalo tayari linafurika. Figo zinazojaribu kuitoa kalsiamu hiyo ndizo zinazoumia. Nikamuuliza ni kiasi gani kilichotokana na vidonge na kiasi gani na ugonjwa. Akasema hakuna namna ya kuzitenga. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko swali lolote la mtihani.

Alilazwa siku 9, akawekewa maji ya mshipani na kupewa dawa, na kalsiamu ikashuka. Matibabu ya mieloma yanaendelea. Baadaye daktari mwenyewe alimwandikia vitamini D, kidogo kidogo na kwa kupimwa damu, pamoja na dawa ya kulinda mifupa, kwa sababu mifupa yake bado inaihitaji. Kitu ni kile kile. Safari hii kina kipimo, na kinatibu upungufu tu.

Mwezi uliopita nilikwenda Kawangware na daftari langu lenye mambo haya yote niliyowaandikia. Nilimsomea Anti tangu ramani ya Burkitt hadi wale watu 25,871. Alikuwa akichambua sukuma, na sikujua kama ananisikiliza. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa hivyo si ile kazi?"

"Hakuna aliyethibitisha hivyo, Anti. Nilisema jambo nisilolijua. Nisamehe."

Akaendelea na sukuma yake kwa muda mrefu. Halafu akaniambia nimwongezee mjomba chai.

Mjomba alikuwa nje mlangoni kwenye stuli, kanzu ya hospitali imegeuzwa kuwa shuka la magotini. Aliniuliza kama jua sasa limepigwa marufuku. Nilimwambia kwa kawaida jua halimletei mtu kalsiamu ya kupindukia, kwa kuwa ngozi ikitosheka huacha kutengeneza, aote tu. Akacheka, akanionyesha ua wa ploti. Jua la moja kwa moja huingia pale kuanzia saa sita hadi kama saa saba, na saa hiyo ndiyo wapangaji wote huanika nguo.